Manyoya Chini ya Kiti

Filamu ya kwanza ya mashemeji zangu ilitisha hivi kwamba fundi aliyeitwa kurekebisha skrini ya ukumbi alikataa kuipa mgongo, akatoka ukumbini kiupandeupande kama kaa. Mwenye duka la samani mtaani kwetu alimaliza mwaka bila kuuza kabati hata moja. Na kuna bwana alizimia dakika ya kumi. Wakammwagia maji, akazinduka, akauliza kama imekwisha, wakamwambia bado, akazimia tena kwa hiari yake.

Binti yangu husema huyo bwana wa mwisho nimemtunga. Sawa. Na kaa nimemtia mimi. Lakini kutisha ilitisha, hilo halina chumvi, na ilitisha bila kuonyesha kitu. Iliitwa *Kabati la Tatu*. Kwa saa moja na nusu humwoni yule mwenye kukaa kabatini, hata ukucha. Unamsikia tu, basi, na ukirudi nyumbani unakuta amekutangulia.

Aliyempa sauti ni mimi. Sikusomea. Nilikuwa fundi viatu, na fundi viatu anamjua mtu kwa hatua zake kabla hajaona uso. Nikaoa katika nyumba ya watu wa filamu, na siku moja wakakwama: walitaka hatua za mtu asiyekuwa na uzito. Nikawapa, kwa soli mbili za ngozi na sinia la unga. Tangu siku hiyo sikurudi kwenye viatu. Nimewahi kutengeneza tembo kwa mlango wa friji, na mbwa niliowabwekea ndani ya ndoo walikuwa wa kweli kiasi kwamba mbwa wa mtaa mzima walikuja kudai undugu.

Mashemeji zangu walikuwa wawili, mmoja kila upande wa mke wangu. Mkubwa wao, mwanamke, aliitwa na kila mtu Dada Mkubwa, hata na waliomzidi umri. Wa mwisho, mwanamume, ni Kitinda. Wazazi wao waliondoka mapema, na Dada Mkubwa ndiye aliyemlea Kitinda, akampeleka shule, akamnunulia kamera ya kwanza. Katikati alikuwa mke wangu, ambaye hakuwa na habari na filamu. Alisema hofu za bure za kuonea nyumbani zinamtosha. Alifariki miaka sita iliyopita, kifua kikamchoka polepole.

Sasa niwaeleze walivyofanya kazi, maana balaa lote lilitokea hapo.

Kitinda ndiye aliyeshika macho. Anapiga picha, anazikata, anaziunga. Mimi naweka sauti. Tukimaliza kipande, Dada Mkubwa anakaa kwenye kiti chake cha mbao katika chumba cha sauti, anaipa skrini mgongo, anafumba macho, mkono wa kulia juu ya paja. Filamu inapita nyuma yake. Akiingiwa na hofu, mkono unainuka. Mkono ukiinuka, kipande kimepita. Usipoinuka tunarudia, na hakuna kubishana. Na kanuni ya pili: mkono ukishainuka, sauti haikatwi mpaka ushuke.

"Jicho limezoea kudanganywa," alikuwa akisema. "Sikio bado lina ushamba. Ukilitisha sikio, umemtisha mtu."

Filamu tatu tulizifanya hivyo, na rafu ya sebuleni kwake ikajaa vikombe na sahani za shaba. Halafu nyakati zikageuka. Watu wakataka damu ya ndoo. Miaka kumi na tisa ikapita, mashemeji zangu wanapiga matangazo ya sabuni, mimi nikastaafu na kuanza kufuga kucha. Kisha Kitinda akaja nyumbani na karatasi mkononi, uso umejaa nuru kama bwana harusi.

"Shemeji, toka kwenye pensheni. Wamekubali."

"Wamekubali nini?"

"Filamu. Mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukipevuka."

"Hiyo si imeshafanywa mpaka mbwa mwitu wenyewe wamechoka?"

"Imefanywa kwa macho," akasema. "Sisi tutaifanya kwa masikio. Moja tu, shemeji. Moja nzuri, halafu tufunge duka kwa heshima."

Nikamwona alivyo na mvi, na anavyoshika ile karatasi kwa mikono miwili. Nikaenda kutafuta soli zangu.

*

Mwigizaji wetu alikuwa mrefu mno, tukamwita Ngazi. Walimshonea vazi la manyoya ya kahawia lenye joto la tanuri. Lilikuwa likipukutika. Akikaa, kiti kinabaki na ndevu. Lakini Kitinda hakujali, kwa sababu mpango ulikuwa uleule wa zamani: mnyama asionekane. Kivuli, mgongo kidogo, basi. Kazi iliyobaki ni ya sauti.

Nikajifungia wiki tatu. Mifupa inayojivunja na kujipanga upya niliipata kwa karoti mbichi zilizofungwa ndani ya taulo lililolowa. Makucha ni glavu niliyoibandika vibanio vya karatasi kwenye ncha za vidole. Lakini moyo wa mambo ulikuwa pumzi. Mtu anapogeuka, nilijiambia, hangurumi. Kunguruma ni kwa simba wa sarakasi. Mtu anayegeuka anapigana na kifua chake mwenyewe. Anavuta hewa kama mtu anayepanda ngazi amebeba mtungi, anaizuia ili watu wa chumba cha pili wasijue, halafu inamponyoka.

Pumzi hiyo sikuitunga. Nilikaa nayo miezi minne kando ya kitanda cha mke wangu. Naijua kama mtu anavyojua njia ya kwake. Nikachukua jagi la bati, nikaweka mdomo, nikaipumua. Sikumwambia mtu nilikoitoa. Nilidhani sitahitaji kusema.

Siku ya kwanza ya chumba cha sauti, Dada Mkubwa akaja na mkoba wake mweusi, akakaa, akafumba macho. Kitinda akazungusha kipande. Mle chumbani pumzi ikapita polepole kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Mimi mwenyewe niliyeipumua nilisisimka.

Mkono haukuinuka.

"Rudia," akasema Kitinda.

Tukarudia. Mkono umelala pajani kama samaki sokoni.

Nilishikwa na uchungu nisioweza kuusema. Niliwaza: huyu ni damu yake. Huyu alikaa upande wa pili wa kitanda kilekile. Amesahau?

"Haijapita," Kitinda akasema, kwa upole. "Shemeji, pengine ni nyepesi mno. Tuongezee uzito. Weka mngurumo chini yake."

Nikaweka mngurumo mzito wa besi, wa kulichezesha dirisha. Spika kubwa ya besi ilikaa sakafuni, na sakafu ya chumba kile ilikuwa ya mbao. Kipande kikazunguka. Mkono ukapanda juu palepale.

Ikawa ndiyo njia. Karoti zangu hazikupita mpaka zilipowekewa ngoma. Makucha hayakupita mpaka yalipokuwa nyundo. Kila kilichokuwa chembamba kikatupwa, kila kilichokuwa kinene kikabaki. Na kwa kuwa sauti ilikuwa kubwa, picha nazo zikawa hazitoshi. Kitinda akaanza kumwonyesha Ngazi, kwanza mkono, kisha kichwa, kisha mzima mzima na manyoya yake yanayopukutika. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wahenga wamesema, lakini nani wa kubishana na mkono? Mkono haukuwahi kukosea.

*

Wiki ya pili kiti cha Dada Mkubwa kikaanza kulia. Kila akijisogeza, miguu inakwaruza mbao, kwaa, na maikrofoni zangu zinanasa. Ufundi viatu hauishi mwilini. Nikaokota mabaki ya vazi la Ngazi, nikakata vipande vinne, nikaviweka gundi chini ya miguu ya kiti. Kikawa kiti chenye nyayo.

"Tazama," nikamwambia Kitinda. "Usiku wa leo kitaruka dirishani."

Akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka mle ndani.

Kwa sababu siku mbili zilizofuata mkono haukuinuka kabisa. Tukaongeza besi mpaka chai ikawa inatetemeka vikombeni. Hakuna. Kitinda jasho linamtoka, anakata, anaunga, anauliza, "Dada, bado?" Naye anafumbua macho, anamtazama usoni, anasema, "Bado, mdogo wangu. Bado."

Siku ya tatu Dada Mkubwa alipotoka kwenda kunywa chai, nilikitazama kile kiti. Nikainama, nikabandua vipande vyote vinne, nikatia mfukoni. Aliporudi Kitinda akazungusha kipande kilekile cha jana, hakijaguswa. Mkono ukapaa.

Mchana nikavirudisha. Mkono ukalala.

Basi Kitinda alipotoka kupokea simu, nikasimama nyuma ya Dada Mkubwa, hatua moja kutoka kwenye kisogo chake, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, usiondoke hapo, kuna nyoka amejizungusha kwenye kiti chako."

Hakutikisika hata hereni.

Nilimgusa bega. Aligeuka, akaniona uso, na papo hapo akajua kwamba nimejua. Akasimama, akanivuta mpaka kwenye korido, kando ya ndoo za kudekia, akafunga mlango.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sema taratibu. Wewe nakusoma kwa shida, hayo masharubu yako yanafunika nusu ya maneno."

"Tangu lini, shemeji?"

"La kushoto liliondoka mwaka wa msiba. La kulia limefuata, kidogo kidogo." Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. Nikaweka kidole mdomoni, akaishusha mno, ikawa kama ya mtoto anayetubu. "Daktari amesema hakuna la kufanya. Nasikia kwa miguu ya kiti. Sakafu ikitetemeka, kiti kinaniambia."

"Kiti kinakuambia besi tu! Tumetupa kila kitu. Ile pumzi—"

"Pumzi gani?"

Ningemwambiaje? Kwamba sauti ya mwisho ya mdogo wake ilipita nyuma ya shingo yake mara mbili, na hakuijua?

"Kitinda lazima aambiwe," nikasema.

Akanishika mkono wa shati. Sijawahi kuona mwanamke yule anamshika mtu shati. "Akijua atafanya nini na mimi? Hatanifukuza, ndiyo ubaya wenyewe. Ataniwekea kiti pembeni. Ataniletea chai. Atakuwa ananiinamia na kuniambia kwa sauti kubwa, Dada, unaendeleaje. Mimi ndiye niliyemlea, shemeji. Sina mume, sina mtoto, nina mkono huu. Hii ndiyo ya mwisho. Niache niimalize."

Mficha maradhi kifo humuumbua, nilitaka kumwambia. Badala yake nikatazama ndoo. Mtu ambaye maisha yake yote ameyasema yasiyokuwepo, siku hiyo alishindwa kusema lililokuwepo. Nikarudi chumbani, nikabandua vile vipande vinne vya manyoya chini ya kiti, nikaja kumwekea kiganjani. Akavitia kwenye mkoba wake mweusi.

Kiti kikabaki miguu mitupu. Mkono ukaendelea kupanda na kushuka, na filamu ikaenda zake shimoni.

*

Waliionyesha Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa, kwa sababu ya *Kabati la Tatu*. Watu wa makamo walikuja na watoto wao wakubwa kuwaonyesha kilichowatisha zamani. Binti yangu alikaa kando yangu. Dada Mkubwa alikaa mstari wa mbele kabisa, na Kitinda kulia kwake.

Dakika ya kwanza kulikuwa na kimya kizuri. Nilikijua kimya kile, ni cha watu wanaotaka kutishwa. Halafu Ngazi akaanza kugeuka, na mngurumo ukaja. Taa za darini zikatetemeka. Mama mmoja mbele yetu akaziba masikio, na haikuwa kwa hofu, ilikuwa kama mtu anayepita karibu na mashine ya kusaga.

"Baba," binti yangu akaninong'oneza, "mbona Mjomba ameleta gereji?"

Nyuma yetu mtu akaguna. Mwingine akacheka kidogo, akajizuia. Kisha Ngazi akasimama mzima katika mwanga wa mwezi, akainua mikono, na tonge la manyoya likamtoka kwapani, likaelea, likatua begani kwake kama kifaranga. Ukumbi ukalipuka. Jamaa mmoja akabweka. Wengine wakamwitikia. Kila mngurumo ulipokuja walikuwa tayari wanaungojea, wanabweka nao, wanapiga miguu, wanashikana wasianguke.

Kitinda aliinamisha kichwa mpaka nikawa naona kola tu.

Lakini Dada Mkubwa alifanya jambo ambalo natamani nisingeliona. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji, haikumwambia kitu. Basi akageuka, kutazama watu. Aliona nini? Mistari na mistari ya midomo iliyo wazi. Macho yamefinyika, mikono kifuani, watu wamekumbatiana, machozi yanawatoka. Akawatazama hivyo kwa muda mrefu, mwanga wa skrini ukimpigapiga shavuni. Kisha akatabasamu. Akamgusa Kitinda gotini, akamwonyesha kwa kidevu: tazama, wanapiga mayowe.

Aliupata ukweli Jumatatu, gazetini, kama watu wengine. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba la kuvunda halina ubani, na kwamba waliowahi kututisha kwa mlango wa kabati sasa wanahitaji zulia linalotembea.

*

Jumatatu hiyo hiyo, asubuhi, Kitinda akaja kwangu. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule kama mtu aliyekuja kusoma mita.

"Ni macho yangu, shemeji."

"Kaa kwanza."

"Nimetazama tena yote. Nilimwonyesha mapema mno, nilikata vibaya, sikuona. Mkono wa Dada haukukosea, kila kipande kiliinukiwa. Kwa hiyo kosa ni la upande wangu." Akajipangusa uso. "Nimemharibia jina uzeeni. Nimemtafutia kijana mmoja mwenye macho mazuri. Dada ataendelea naye. Mimi basi. Leo jioni naenda kumwambia."

Hapo nikaona mambo yote mawili kwa pamoja. Nikinyamaza, huyu anajizika akiwa hai kwa kosa lisilo lake. Nikisema, ninamtoa Dada Mkubwa hadharani, niliyemwekea ahadi kiganjani. Kukawa na mlango mmoja tu, na mlango huo nimeupita mara nyingi kuliko mlango wa nyumba yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Sisikii, Kitinda. Masikio yamekwisha. La kushoto liliondoka mwaka wa msiba, la kulia limefuata." Nilimwibia Dada Mkubwa maneno, nikayavaa. "Vile vilivyopitishwa na mkono, sivyo ulivyosikia ukumbini. Nilibaki nyuma kila jioni, nikaongeza kuliko ulivyoniomba. Sauti nyembamba sizisikii tena, nikadhani hazipo. Nikaziwekea mngurumo juu. Na ulikuwa unaharibu picha zako kufuata sauti yangu."

Alinitazama. Nikangoja acheke, kama alivyocheka miaka yote nikianza hadithi. Hakucheka.

"Ungesema."

"Niliona aibu."

"Aibu." Akalirudia neno kana kwamba analipima. "Mimi na Dada tumekaa chumba kimoja na wewe wiki sita. Tumekula sahani moja. Ungesema, ningekushika mkono. Badala yake umetuacha tumekaa mstari wa mbele tunabwekewa."

"Kitinda—"

"Dada wa katikati angekuwepo," akasema, "ungemtazama vipi?"

Akatoka. Mlango aliufunga taratibu, na mimi mwenye kujua milango nakwambia huo ndio ufungaji mbaya kuliko wote.

Hakupokea simu zangu. Binti yangu alipomwendea, alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za kazi, hakunitaja. Nikasikia amepata moyo, wanaanza filamu nyingine ndogo, yeye na dada yake, na mtu mpya wa sauti. Watu wakanipongeza: shemeji zako wamerudi kazini! Nikasema alhamdulillahi, halafu usingizi ukanikimbia. Maana nilikuwa nimetengeneza nini? Nilimwokoa Kitinda shimoni, nikampeleka kwenye shimo lilelile kwa njia ya mbele. Kiti kilekile, sakafu ileile.

*

Ilipita miezi minne. Alasiri moja nikiwa napiga soli viatu vya jirani, kwa kukosa la kufanya, Kitinda akaingia. Safari hii alikaa. Akaweka mezani mfuko mdogo wa karatasi. Sikuufungua. Unyoya mmoja wa kahawia ulikuwa umechomoza.

"Jana tulianza chumba cha sauti," akasema. "Dada alikuja mapema kuliko sote. Nilipoingia nikamkuta amepiga magoti, na uzee wake ule, anaweka hivi vidubwasha chini ya kiti. Nikadhani ni mzaha. Nikafurahi hata, nikasema Dada amepona, anaweza kuutania msiba wetu."

"Halafu?"

"Akakaa, akafumba macho. Tukazungusha kutoka asubuhi mpaka saa sita. Mkono haukuinuka. Yule mtu mpya wa sauti alikaribia kulia. Kisha Dada akainuka, akavitoa, akakaa tena, akasema, rudieni kile cha kwanza. Mkono ukapaa." Akautazama ule unyoya. "Akafumbua macho, akageuka kunitazama. Akaniuliza, umeona? Nikasema nimeona. Akasema, basi yale masikio yaliyokwisha uliyonisimulia ni yangu; nenda kamwombe shemeji yako radhi, yeye ana masikio ya popo."

Nje mtu alipita na mkokoteni. Tuliusikiliza wote wawili mpaka ukaisha.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Amesema harudi. Nilimwambia tutafute njia, akacheka, akaniambia nisimletee chai." Akavuta pumzi. "Filamu nimeifunga. Naona picha vizuri tu, shemeji. Lakini bila mkono ule sijui kama zinatisha. Sijawahi kujua mwenyewe. Miaka yote nilikuwa natazama mkono."

Niliendelea kukishika kile cha jirani, kiatu kimoja kisicho na soli.

"Kwa nini nilikuamini?" akauliza. "Nakujua mimi. Nimejiuliza njia nzima."

"Jibu umelipata?"

"Uongo wako siku zote huwa na mnyama. Tembo, kaa, nyoka. Ule haukuwa na mnyama hata mmoja."

Tukacheka, cheko fupi lililoishia njiani. Kisha akaupapasa ule mfuko, akausogeza pembeni.

"Kulikuwa na kitu siku ya kwanza kabisa. Kabla ya besi. Pumzi fulani. Dada anasema uliitaja koridoni ukanyamaza, na tangu siku hiyo anajiuliza ni nini. Bado unayo?"

"Tuliifuta."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, si kompyuta."

Nikaenda jikoni nikachukua jagi la bati. Niliporudi alikuwa amegeuza kiti, amenipa mgongo. Amefumba macho, mkono wa kulia juu ya paja, kama dada yake. Hakuwa na mazoea. Kope zilikuwa zikimchezacheza, shingo imekaza kama ya mtu kwa kinyozi mgeni.

Nikaweka mdomo kwenye jagi. Nikaivuta, kama mtu anayepanda ngazi na mtungi. Nikaizuia, watu wa chumba cha pili wasijue. Nikaiacha iponyoke.

Mara ya tatu mabega yake yakashuka. Akasema maneno mawili tu, chini kwa chini, si kwa kuniambia mimi.

"Wa katikati."

Na mkono ukainuka. Ulipanda polepole, ukasimama usawa wa sikio lake, vidole vimefunguka. Kanuni ni kanuni, sauti haikatwi mpaka mkono ushuke. Nikangoja ushuke. Kifua kilikuwa kinaniuma, jua limehama dirishani, jagi limepata joto midomoni. Haukushuka. Nikaendelea kupumua.